Majalada ya Wazee wa Oltepesi

Nimekosa. Naanzia hapo ili msomaji asidhani nazunguka mbuyu. Mimi ni afisa wa rekodi za afya katika Kaunti ya Kajiado. Tulipokuwa tukihamisha rekodi za wanajeshi wastaafu kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, nilijaza jibu la swali ambalo sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Mzee mmoja aliyelitumikia taifa hili tangu ujana wake akaumia kwa sababu ya jibu lile. Nilipopata habari, nikaongeza kosa la pili juu ya la kwanza: nikalisahihisha kimyakimya, nikanyamaza. Naandika haya kwa kuwa kazi kama ile inaendelea katika kila kaunti, na wengi wanaoifanya ni vijana wenye bidii kama niliyokuwa nayo mimi.

Oltepesi ni kituo kidogo kwenye barabara ya Magadi. Ukitoka Kiserian unapanda hadi Kona Baridi, kisha barabara inageuka kuteremka bondeni, baridi inabaki nyuma na joto la Bonde la Ufa linakupokea. Huku kuna maduka machache, mabati, mbuzi na migunga. Kuna pia wazee waliowahi kuvaa sare. Wapo waliolinda mpaka wa kaskazini mashariki, na wapo waliokwenda na vikosi vya Umoja wa Mataifa huko Namibia mwaka 1989, Yugoslavia mwaka 1992 na Sierra Leone baadaye. Wadogo zao ndio waliovuka kuingia Somalia Oktoba 2011.

Askari akistaafu anarudi nyumbani na vyeti vyake, lakini faili lake la matibabu linabaki jeshini. Zahanati ya kijijini hailioni. Inachokiona ni daftari: lile daftari la shule linalonunuliwa dukani, ambalo Mkenya yeyote aliyewahi kupanga foleni hospitali ya umma analijua. Muuguzi anaandika tarehe, presha, dawa, na mgonjwa anaondoka nalo. Wanajeshi wastaafu huyatunza madaftari haya kuliko watu wengi. Wanayafunika kwa karatasi ya kaki kama watoto wa shule, wanayatia kwenye mfuko wa nailoni, wanayafungia kwenye sanduku la bati pamoja na kitambulisho na barua za pensheni.

Mimi niliyaona madaftari yale kuwa ishara ya kuachwa nyuma, na nilikuwa na sababu. Nilisoma chuoni kwamba Kenya haikuanza jana katika mambo haya. Mwezi Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kutumia mfumo wa rekodi za kompyuta, na kutoka kwenye kazi ile ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, ikazaliwa mwaka 2004 programu ya OpenMRS, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. KenyaEMR, iliyosimikwa katika vituo zaidi ya 300 kuanzia mwaka 2012, imejengwa juu ya msingi huohuo. Nilijiambia kuwa kama Mosoriot iliweza mwaka 2001, hakuna sababu ya mzee wa Oltepesi kutembea na daftari lililoliwa na mchwa.

Tena ulikuwa wakati wa pilikapilika. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilikuwa imetiwa saini Oktoba 2023. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, iliyokuwa bima ya afya ya taifa, ikatoa nafasi kwa SHA, watu wakawa wanasajiliwa usiku na mchana. Kikundi kimoja cha wanajeshi wastaafu kikaomba wanachama wake waingizwe kwenye mfumo mapema, ili mzee akiugua akiwa kwa mwanawe Kitengela au Ngong, rekodi zake zimkute huko. Ombi lilikuwa jema. Nikapewa mimi kazi, na nikaifurahia.

Tuliwakusanya Oltepesi, tukachukua majina, namba za vitambulisho na namba za simu. Nikasimama mbele yao nikasema maneno ambayo leo nayajutia: "Wazee wetu, kuanzia sasa hamtasumbuka kueleza kila mahali. Mkifika, kompyuta itakuwa inajua." Wakapiga makofi. Wakanikabidhi madaftari, mmoja mmoja, wengine wakiyapangusa vumbi kwanza. Tukayatia kwenye magunia.

Njiani tulipita kibao cha Olorgesailie, si mbali na Oltepesi. Kila mtoto wa shule Kajiado ameambiwa habari za pale: jinsi Louis na Mary Leakey walivyoanza kuchimba miaka ya 1940 na kukuta mashoka ya mawe yametapakaa kwa wingi. Mengi hayakuondolewa. Yameachwa palepale yalipolala, na wageni wakajengewa daraja la mbao la kupitia juu yake, kwa sababu shoka likiokotwa bila kuandikwa lilikuwa wapi, linabaki jiwe tu. Nilipita hapo na magunia yangu bila kuwaza kuwa somo lile lilinihusu.

Ofisini tulikuwa na skana inayovuta karatasi moja baada ya nyingine. Daftari zima haliingii. Inabidi uling'oe pini za katikati, uondoe jalada, ndipo kurasa zipite. Mimi ndiye niliyetoa maelekezo: ng'oeni pini, tengeni majalada, pitisheni kurasa. Kurasa zikawekwa kwenye maboksi. Majalada yalijaza kona nzima ya chumba, yakawa yanatuzuia kupita. Nikaagiza yapelekwe kwenye kichomea taka. Niliyaona kuwa karatasi za kaki zenye majina ambayo tayari tulikuwa nayo.

Ilipofika zamu ya kuingiza taarifa kwenye mfumo, nikakwama mahali pamoja. Mfumo haukukubali kuhifadhi rekodi bila kujaza sehemu ya aleji. Mtu aliyeutengeneza alikuwa na akili nzuri: alitaka swali hilo lisirukwe. Chaguo zilikuwa "Hakuna", majina ya dawa, na "Haijulikani". Kurasa tulizoskani hazikutaja aleji kwa wengi wao. Jibu la kweli lilikuwa "Haijulikani". Lakini nilijua kuwa ukichagua hilo, kila mgonjwa anapofunguliwa rekodi hutokea onyo jekundu linalomtaka tabibu aulize kwanza, na katika ripoti ya mwezi rekodi hiyo huhesabiwa kuwa haijakamilika.

Nilikuwa natumia jedwali la kupandisha rekodi kwa mkupuo. Nikaandika "Hakuna" kwenye kisanduku cha juu cha safu ya aleji. Nikashika pembe ya kisanduku kwa kipanya, nikavuta kuelekea chini. Neno likashuka mstari kwa mstari, likapita kwenye jina la kila mzee, hadi mwisho wa orodha. Nikabonyeza kitufe. Rekodi zote zikapokelewa bila onyo hata moja. Ripoti ikaonyesha ukamilifu wa asilimia 100, na kwenye kikao nikasifiwa mbele ya wenzangu. Sikusema niliufikiaje ukamilifu huo. Wala sikujiuliza.

Mzee ninayemzungumzia nitamwita Sajini, kwa cheo alichostaafu nacho. Alikwenda Kitengela kumtembelea binti yake, akapata homa na maumivu wakati wa kukojoa. Binti akampeleka kituo cha afya kilichokuwa kimeunganishwa na mfumo wetu. Tabibu akaandika namba ya kitambulisho, rekodi ikafunguka papo hapo: umri, presha, dawa za zamani, aleji "Hakuna". Akamwandikia Septrin, dawa ya bei nafuu inayopatikana kila mahali. Simlaumu tabibu. Alifanya kile tulichomfundisha: soma skrini. Na mfumo nao ulifanya kazi yake barabara. Uliubeba uongo wangu kutoka Oltepesi hadi Kitengela kwa kufumba na kufumbua.

Miaka mingi nyuma, akiwa kazini, Sajini alipewa Fansidar kwa malaria. Ngozi yake ikatoka malengelenge, midomo ikachubuka, akalazwa hospitali ya jeshi. Fansidar na Septrin ni dawa tofauti zenye kazi tofauti, lakini zote mbili zina sulfa ndani yake. Sajini hakuwa na sababu ya kulijua hilo. Alichojua ni kuwa muuguzi wa zahanati, aliposimuliwa kisa kile, alichukua kalamu nyekundu akaandika juu ya daftari lake: "SULFA – ASIPEWE". Muuguzi huyo, ambaye sasa amestaafu, ndiye aliyenieleza nilipomtafuta. Nilimuuliza kwa nini hakuandika ndani. Akanitazama kwa mshangao. "Ndani nani atasoma? Jambo la hatari linaandikwa kwenye jalada. Ndilo linaloonekana kwanza."

Kila muuguzi anayeandika kwenye daftari la shule analijua hilo. Mimi, mwenye diploma ya rekodi za afya, sikulijua. Nikachoma majalada.

Safari hii malengelenge yalikuja kwa kasi. Sajini alipewa rufaa, akalazwa muda mrefu. Uhai wake ulisalimika, namshukuru Mungu. Lakini maradhi yale hushambulia pia macho, na macho yake hayajawa kama yalivyokuwa. Yanakauka, yanauma kwenye mwanga, na kwa mtu anayeishi mahali penye jua kama la Oltepesi, hiyo ni adhabu ya kila mchana. Alikuwa msomaji wa gazeti. Sasa mjukuu humsomea.

Habari zilinifikia kwa simu, kutoka kwa mwenzangu aliyesema tu kwamba Sajini wa kile kikundi amelazwa kwa sababu ya Septrin. Nilielewa kabla hajamaliza. Sikukimbilia hospitali, wala sikumwendea mkuu wangu. Nilifungua kompyuta, nikaingiza nywila yangu, nikafungua rekodi ya Sajini, nikafuta "Hakuna", nikaandika "Sulfa". Nikahifadhi. Nikafunga.

Hilo ndilo ninaloona aibu zaidi kulisema. Jedwali lile nililijaza kwa uzembe uliochanganyika na tamaa ya sifa. Lakini hili nililifanya nikiwa na akili timamu, nikijua ninachokificha. Na kulikuwa na jambo baya zaidi: orodha ilikuwa na wazee wengine wengi ambao neno lile lilikuwa bado limekaa kwenye majina yao. Kila siku niliyonyamaza, yeyote kati yao angeweza kupewa dawa ya kumdhuru. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi niliyoyaficha mimi yangewaua wengine. Mifumo hii hutunza kumbukumbu ya kila aliyegusa rekodi, amebadilisha nini na saa ngapi. Jina langu liko pale, na saa yangu iko pale, hadi leo. Hakuna aliyekwenda kutazama. Nilikuja kusema mwenyewe, baada ya kushindwa kulala, na sidai sifa kwa hilo, kwa sababu nilichelewa.

Nilianza kwa mkuu wangu. Kisha nikaenda Oltepesi. Sajini alikuwa ameketi kivulini, amevaa miwani ya jua, mkewe karibu yake. Nilimsalimu, nikamweleza yote: majalada, jedwali, kipanya, na ile siku niliyobadilisha rekodi kwa siri. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Uliniuliza?" akasema.

"La, baba. Sikukuuliza."

Akanyamaza kidogo. "Jeshini, binti yangu, ukiripoti kuwa eneo ni salama na hujalikagua, unashtakiwa. Hata kama hakuna aliyekufa."

Nikasema nimeelewa, na kwamba niko tayari kwa lolote. Mkewe akaniuliza kwa nini mume wake hakuambiwa aendelee kusema mwenyewe. Sikuwa na jibu isipokuwa kweli: nilimwambia asiseme. Nilisimama mbele yao wote nikawaambia kompyuta itakuwa inajua. Pale Kitengela, Sajini aliponyoosha mkono mfukoni kutafuta daftari alilolizoea, alikumbuka ahadi yangu akatulia. Kwa hiyo nilimnyang'anya ulinzi wake mara mbili: daftari lake na mdomo wake.

Kabla sijaondoka akaniambia neno moja tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha: "Sasa nenda ukawaulize wenzangu."

Katika kutafuta kujielewa, nimesoma yaliyowapata Wamarekani, ambao wana idara nzima ya serikali kwa ajili ya maveterani wao. Kwa miaka mingi hospitali za idara hiyo zilitumia mfumo wao wenyewe, VistA, uliokuzwa na watu wa ndani ya hospitali. Hata utaratibu wa kusoma msimbo wa mistari kwenye mkanda wa mgonjwa na kwenye dawa kabla ya kumpa ulitokana na wazo la muuguzi wao mmoja wa Topeka, Kansas, Sue Kinnick, aliyeona kifaa kama hicho kikitumika kupokea magari ya kukodi. Mwaka 2018 wakasaini mkataba wa takriban dola bilioni 10 na kampuni ya Cerner, ili rekodi ya askari imfuate kutoka jeshini hadi uraiani. Ndilo jambo lilelile walilolitaka wazee wa Oltepesi. Hospitali ya kwanza, iliyoko Spokane, jimbo la Washington, iliuanza mfumo mpya Oktoba 2020.

Ripoti ya mkaguzi mkuu wa idara hiyo ya Julai 2022 ilifichua kuwa maagizo zaidi ya 11,000 ya madaktari, ya vipimo na rufaa, hayakufika yalikotumwa. Mfumo ulipokosa mahali pa kuyapeleka, uliyatupa kwenye foleni ambayo madaktari hawakujua kuwa ipo. Daktari alibonyeza, skrini ikanyamaza, akaamini agizo limekwenda. Ukaguzi ukapata matukio 149 ya wagonjwa kudhurika. Aprili 2023 idara ikasimamisha uenezaji wa mfumo katika hospitali nyingine ili kwanza irekebishe.

Nilisoma habari ile nikajikuta humo. Mabilioni yao na jedwali langu la bure vilikosa jambo lilelile: ukimya ulipokewa kama jibu. Sijitetei kwa kosa lao. Mfumo wangu haukunificha kitu. Uliniuliza waziwazi, ukanipa nafasi ya kusema sijui, nami nikakataa kusema sijui kwa kuwa ingechafua ripoti yangu.

Agizo la Sajini nimelitekeleza namna hii. Kwa ruhusa ya mkuu wangu, rekodi zote nilizozijaza kwa mkupuo ule zilibadilishwa kuwa "Haijulikani", pamoja na onyo lake jekundu. Ripoti ikashuka vibaya, na ikaachwa ishuke. Kisha tukaanza kurudi kwa wazee, boma kwa boma. Nimejifunza kuwa ukimwuliza mzee "Una aleji?" atakujibu hapana, amalize. Lakini ukimwuliza kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha, kumtoa vipele au kumbana pumzi, kama kuna daktari aliyewahi kumwambia asipewe dawa fulani, mazungumzo yanafunguka. Mkewe akiwepo ni bora zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyemuuguza. Ndivyo tulivyokuja kujua kuwa mmoja wao ana kipande cha chuma kwenye paja tangu enzi za vita, jambo ambalo lazima lijulikane kabla hajalazwa kwenye mashine ya picha ya sumaku. Hilo halikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wowote tuliouskani. Mkewe anasema liliandikwa kwenye jalada.

Kwa maafisa wenzangu nasema: msichome kitu kabla mwenyewe hajasomewa rekodi yake mpya na kuikubali. Msivute neno kwenye safu. Sehemu ambayo hamjauliza iandikwe kuwa haijaulizwa, na mkubwa akikasirikia ripoti, akasirike. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo, kabla ya kugusa rekodi.

Kwa wazee wetu, na kwa yeyote mwenye rekodi kwenye kompyuta ya hospitali: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua kilichoandikwa juu yako na kutaka kisicho sahihi kirekebishwe. Mwambie tabibu akusomee sehemu ya aleji kwa sauti. Endelea kutembea na daftari lako, na jambo la hatari liandikwe juu ya jalada. Usikubali mtu akwambie kuwa huna haja ya kusema tena.

Na kwa wale walionikabidhi madaftari yao pale Oltepesi: kazi ya kuwarudia haijaisha. Wengine wamehamia kwa watoto wao, wengine simu zao hazipatikani. Kama ulinipa daftari lako na hakuna mtu aliyekuja kukuuliza, basi bado hujaulizwa. Njoo kituoni, au tuma mtu aniambie uliko, nami nitakuja kwako. Kila dawa utakayopewa kabla ya hapo, mwambie anayekupa kwamba rekodi yako iliwahi kujazwa na mtu ambaye hakukuuliza, na kwamba mtu huyo ni mimi.